Kompyuta Kuukuu na Nyimbo za Visimani

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ilitungwa na watu waliochunguza tabia ya mwanadamu kwa makini. Mtu akionyeshwa kitu kipya hukifurahia kabla ya kuuliza faida yake, na akionyeshwa kitu kikuukuu hukidharau kabla ya kuuliza kazi yake. Wahenga hao hao walisema tena kuwa kila zama na kitabu chake. Katika insha hii nataka kueleza historia ya programu ambazo watu hutumia kutungia na kuhifadhia muziki katika kompyuta, na sababu ya programu hizo kukubaliana na kompyuta za zama zao na kukataana na za zama nyingine. Nitaeleza pia hasara iliyotupata Elwak nilipoifuata methali ya kwanza na kuisahau ya pili.

Elwak ni mji wa Kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, kando ya mpaka wa Somalia, katika njia itokayo Wajir kwenda Mandera. Jina lake limetokana na maneno mawili: ceel, ambalo kwa Kisomali ni kisima, na Waaq, jina la kale la Mungu miongoni mwa Wasomali na Waoromo. Basi Elwak ni Kisima cha Mungu. Tarehe 16 Desemba 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Afrika ya Kusini na ya Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, yaliishambulia ngome ya Waitalia mahali hapa. Huko Accra hata leo uko uwanja wa michezo uitwao El Wak kwa ukumbusho wa vita hivyo. Kwa hiyo jina la visima vyetu limo katika vitabu vya vita, na wanafunzi wa Ghana hulitamka bila kujua kuwa ni jina la maji.

Lakini maisha ya watu wa visima vyenyewe hayakupata waandishi wengi. Yalihifadhiwa katika nyimbo. Wafugaji wa Kisomali wana nyimbo maalumu za kunyweshea ngamia. Watu husimama kisimani, mmoja chini na mwingine juu yake, chombo cha maji hupanda kutoka mkono hata mkono, na wimbo huipa kazi mapigo yake. Katika nyimbo hizo mna sifa za ngamia, majina ya mahali na habari za miaka ya ukame. Yeyote atakaye kuandika historia ya nchi hii, sharti aanze kwa kusikiliza.

Miaka michache iliyopita, muda mfupi baada ya mimi kutoka chuo cha ualimu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea kaseti mbili zilizofungwa katika kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni za ayeyo. Ndani yake mna sauti ya babu akiimba kisimani. Redio yetu imekufa, na ayeyo anataka kuisikia tena."

Babu huyo alikuwa amefariki kabla ya mjukuu wake kuzaliwa. Sauti yake haikuwako mahali pengine popote duniani ila katika kaseti zile mbili.

Shule yetu wakati ule ilikuwa na kompyuta moja kuukuu, tuliyopewa kwa msaada, iliyokaa pembeni mwa chumba cha walimu chini ya kitambaa cha vumbi. Ilikuwa na Windows XP, kumbukumbu ya megabaiti 512, na diski ya gigabaiti 40. Nilichukua flashi ya rafiki yangu yenye programu mpya kabisa ya muziki nikajaribu kuiweka. Kompyuta ikaandika maneno machache ya kuikataa, kisha ikanyamaza. Nikatamka mbele ya wanafunzi, kwa sauti ya mtu ajuaye, kuwa kompyuta hii imekwisha kazi. Tulikuwa tumeahidiwa kompyuta mpya, basi nikamwambia kijana yule asubiri. Nikaziweka kaseti zake juu ya kabati, chini ya paa la mabati.

Tulingoja mihula miwili. Kompyuta mpya hazikufika. Siku nilipozishusha kaseti, joto la mabati lilikuwa limeipinda moja. Nilipoijaribu katika redio ya kuazima, utepe wake ulikunjamana ndani ya mashine ukakatika vipande vingi visivyoungika. Nusu ya sauti ya yule mzee ilipotea mikononi mwangu. Kosa halikuwa la kompyuta wala la joto. Lilikuwa langu, kwa kuwa nilitoa hukumu juu ya chombo nisichojua historia yake. Tangu siku hiyo nilianza kujifunza historia hiyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kompyuta haifahamu wimbo; hufahamu tarakimu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili kuihifadhi, kompyuta huupima mtikisiko huo mara nyingi kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Katika diski za muziki za CD vipimo hivyo ni 44,100 kwa sekunde moja, upande wa kulia na upande wa kushoto. Mwanafunzi wa hesabu aweza kuona mara moja kuwa kila kipimo kikichukua baiti 2, dakika moja ya muziki huchukua kiasi cha megabaiti 10, na kaseti ya dakika 60 huchukua kiasi cha megabaiti 635. Mtu akiisha kufahamu hesabu hii, hatasema tena kuwa diski ya gigabaiti 40 ni ndogo. Yaweza kuhifadhi kaseti nyingi kabla ya kujaa.

Mwanzo wa kazi hii ulikuwa mgumu. Mwaka 1957, katika maabara za Bell huko Marekani, mhandisi aitwaye Max Mathews alitunga programu iliyoitwa MUSIC. Ilitumiwa katika kompyuta ya IBM 704, mashine kubwa yenye makabati mengi, na wimbo wake wa kwanza ulidumu sekunde 17 tu. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti ndogo ya utepe, chombo rahisi kilichoweza kufika hata katika kambi ya wafugaji. Kwa miaka mingi vyombo hivi viwili havikujuana. Kaseti ilikuwa ya watu wote, na kompyuta ilikuwa ya wataalamu wachache.

Mwaka 1983 jambo kubwa lilitokea. Watengenezaji wa vinanda vya umeme, wakiongozwa na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani na Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani, waliafikiana juu ya lugha moja ya vyombo vya muziki, iliyoitwa MIDI. Lugha hii haichukui sauti yenyewe. Huchukua amri tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, kisha iachie. Kwa hiyo kompyuta dhaifu iliweza kukiongoza kinanda chenye nguvu, kama mtoto awezavyo kumwongoza ngamia kwa kamba. Mwaka 1985 kampuni ya Atari ilitoa kompyuta yenye matundu ya MIDI, na mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa programu ya Cubase kwa ajili ya kompyuta hizo. Kompyuta ya Atari 1040ST, iliyotoka mwaka 1986 na kupendwa na watunzi wengi wa Ulaya, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1. Kompyuta yetu ya Elwak, ile niliyosema kuwa imekwisha kazi, ilikuwa na megabaiti 512.

Baada ya hapo mwendo uliongezeka. Mwaka 1996 Cubase iliiwezesha kompyuta yenyewe kuigeuza na kuipamba sauti, kazi ambayo zamani ilihitaji mitambo mingi ya studio. Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ndogo iliyotungwa na Didier Dambrin, nayo iliitwa FruityLoops. Mtumiaji aliona safu ya vitufe 16; kila kitufe alichobonyeza kilikuwa pigo moja la ngoma. Hata asiyejua kusoma noti aliweza kutunga mapigo. Mwaka 2003 programu hiyo ilibadilishwa jina ikawa FL Studio. Mwaka 2000 Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa Audacity, programu ya kunasa na kuhariri sauti, ambayo watu wote wameruhusiwa kuitumia bila malipo. Mwaka 2004 ilianzishwa LMMS, programu nyingine ya bure, ambayo hutumika kutungia mapigo na nyimbo.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa programu hizi ni nyingi hivi, kwa nini ile niliyoileta kwa flashi ilikataliwa? Sababu ni nne, na zote ni sababu za kihistoria.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Watungaji wa programu huandika kwa ajili ya kompyuta zilizoko sokoni siku zile. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilihitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, ilihitaji isiyopungua gigabaiti 4, yaani mara 64 zaidi. Programu iliyozaliwa katika nyumba kubwa haiwezi kulala katika kibanda.

Sababu ya pili ni upana wa lugha ya mashine, ambao hupimwa kwa biti. Kompyuta za nyumbani zimepita katika zama za biti 16, kisha 32, kisha 64. Programu ya biti 64 haifanyi kazi katika Windows ya biti 32. Tena kinyume chake ni kweli kwa sehemu: Windows ya biti 64 huzikubali programu nyingi za biti 32, lakini haizikubali za biti 16. Ndiyo maana mtu mwenye kompyuta mpya na programu ya muziki ya mwaka 1996 huweza kukwama mlangoni, kama nilivyokwama mimi mwenye kompyuta kuukuu na programu mpya.

Sababu ya tatu ni mkalimani. Kati ya kompyuta na kadi yake ya sauti huwapo programu ndogo iitwayo draiva, ambayo kazi yake ni kufasiri amri za upande mmoja kwa upande wa pili. Draiva hutungwa na mtengenezaji wa kadi kwa ajili ya Windows ya zama fulani. Mtengenezaji akiacha kuitunza, kadi nzima huwa bubu ijapokuwa haijaharibika.

Sababu ya nne ni kufuli. Wenye programu, kwa haki yao ya kulinda jasho lao, waliweka kufuli za namna nyingi. Nyingine zilikuwa vifaa vidogo vya kuchomeka nyuma ya kompyuta, na nyingine zilitaka idhini kwa njia ya intaneti. Miaka ikipita, ofisi ya idhini hufungwa. Steinberg, kwa mfano, iliifunga huduma ya funguo zake za namna ya zamani mwezi wa Mei 2025. Aliyekuwa na leseni ndani ya ufunguo wake aliweza kuendelea kuitumia, lakini ufunguo huo ukiharibika, huduma ile ya kumsaidia haiko tena.

Mwanafunzi akizifahamu sababu hizi nne, ataona kuwa kompyuta kuukuu haihitaji huruma. Yahitaji programu ya rika lake. Na wako watu wa Afrika ya Mashariki walioujua ukweli huu kabla yangu, nao wakautumia kutenda mambo makubwa. Nitataja wa mahali pawili.

Huko Dar es Salaam, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Manzese, Tandale na Mburahati, vijana walianzisha muziki uitwao singeli. Walichukua mapigo ya taarabu na ya ngoma za mtaani, wakayaharakisha mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Hawakuwa na studio za fahari. Walitumia kompyuta za bei nafuu, FL Studio, na programu ya kuchezea nyimbo katika sherehe iitwayo Virtual DJ. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa nyimbo zilizotungwa katika studio ya Sisso, Mburahati, na tangu hapo wapigaji wa singeli wamealikwa katika majukwaa ya Ulaya. Kama vijana hao wangalingoja kompyuta mpya, mkusanyo ule usingalitoka mwaka ule, na yamkini mwingine angaliwatangulia.

Mfano wa pili wahusu kaseti, nao ni wa jirani zetu. Mwaka 1988, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji wa Hargeisa ulipigwa mabomu na ndege za serikali ya Somalia. Watu wa Radio Hargeisa na wapenzi wa muziki walihofu kuwa kanda zao zingeangamia. Nyingine zilifukiwa ardhini, na nyingine zilivushwa mpaka kwenda nchi za jirani. Vita vilipokwisha kanda zilifukuliwa. Shirika la Redsea la Hargeisa limekusanya kaseti zaidi ya 10,000, na kazi ya kuzitia katika kompyuta moja baada ya moja imefanywa kwa subira. Mwaka 2017 mkusanyo wa nyimbo za Kisomali uitwao Sweet as Broken Dates, uliotokana na hazina hiyo, ulitolewa na kampuni ya Ostinato Records, nao ukateuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Fikirini: watu waliikimbia mauti huku wamebeba kaseti, nami niliiacha kaseti ikaungua juu ya kabati kwa kungoja kompyuta mpya.

Nilipoyajua haya, nilirudi kwenye kompyuta yetu pamoja na wanafunzi wanne. Nitaeleza tulivyofanya kwa utaratibu, ili mwenye chombo kama chetu apate kufuata.

Kwanza tulifungua sanduku lake na kuondoa vumbi kwa brashi laini. Tukaona kuwa saa ya kompyuta ilionyesha Januari 2002, kwa sababu betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ilikuwa imekwisha. Tuliibadilisha kwa mpya iliyonunuliwa dukani. Kompyuta yenye tarehe ya uongo huchanganya mpangilio wa mafaili, na programu nyingine huikataa kabisa.

Pili, tulitafuta programu za rika lake. Tulichagua toleo la Audacity la miaka ya 2004 hadi 2006 na toleo la zamani la LMMS, kwa kuwa zote mbili ni za bure na watungaji wake wameyahifadhi matoleo yao ya kale. Tulizipata kwa kompyuta nyingine yenye intaneti, tukazipima kama zina virusi, kisha tukazichukua kwa flashi. Safari hii kompyuta haikuandika neno lolote la kukataa. Ilituuliza maswali yake ya kawaida, tukaitikia, na programu zikakaa mahali pake.

Tatu, tulipoanza kunasa, hapakuwa na sauti. Vijana wawili walikata tamaa. Nikawaonyesha alama ya njano ya kuuliza katika orodha ya vifaa vya kompyuta, nayo ilikuwa kando ya jina la kadi ya sauti. Mkalimani alikosekana. Tulisoma namba iliyochapwa juu ya ubao mkuu wa mashine, tukaitafuta draiva yenye namba hiyo hiyo kwa ajili ya Windows XP, tukaiweka, na mara spika zikalia.

Nne, tuliunganisha redio ya kaseti na kompyuta kwa waya, katika tundu la rangi ya samawati lililo nyuma ya mashine. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitazamia. Kompyuta nyingi mpya za kubebeka hazina tundu hilo. Chombo tulichokuwa tukikingoja kwa mihula miwili huenda kingalikuja bila mlango wa kuingizia kaseti, nasi tungalihitaji kununua kifaa kingine. Kompyuta kuukuu na redio ya kaseti zilikuwa zimekutana zamani, na zilijuana.

Kabla ya kuicheza kaseti iliyobaki, tulisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, tukaupeleka utepe mbele mpaka mwisho na kuurudisha polepole. Jaribio la kwanza lilikatizwa na umeme, tukapoteza dakika 22 za kazi. La pili tulilifanya kwa vipande vya dakika 10, kila kipande kikihifadhiwa kabla ya kingine kuanza. Jioni tulikuwa na upande wa kwanza na wa pili, na nakala yake katika CD mbili: moja ya shule na moja ya ayeyo.

Hapana budi niseme maneno mawili ya tahadhari. La kwanza ni kuwa kompyuta yenye Windows XP isiunganishwe na intaneti. Mtengenezaji wake aliacha kuitengenezea kinga tarehe 8 Aprili 2014, na tangu hapo iko wazi kwa kila mwizi. Kompyuta yetu ilifanya kazi ya muziki peke yake, bila kujuana na dunia, na hakikuwa kilema. La pili ni kuwa uzee wa programu hauifanyi kuwa mali ya kuokotwa. Watu wengi huiba programu za zamani kwa kuvunja kufuli zake, wakisema mwenyewe hana haja nayo tena. Mara nyingi ndani ya kufuli iliyovunjwa na mtu mwingine mna virusi. Na hata isipokuwa na virusi, mwalimu hawezi kufundisha uaminifu kwa chombo cha wizi. Programu za bure zipo, na zatosha.

Siku ya Jumamosi tulimpelekea ayeyo sauti ya mumewe. Alisikiliza bila kusema neno mpaka upande wa kwanza ukaisha. Kisha akamwambia mjukuu wake kwa Kisomali, naye akanifasiria: "Hapo mwisho amekosea mstari. Siku zote alikuwa akiukosea."

Kisha akauliza habari ya kaseti ya pili. Nilimweleza ukweli wote, na sikutafuta mtu wa kumtwika lawama. Alinyamaza kidogo. Akasema kuwa katika ile kaseti marehemu alitaja visima kwa majina, kimoja kimoja, pamoja na watu waliovichimba. Baadhi ya majina alikuwa akiyakumbuka. Tukamwomba ruhusa, na Jumamosi iliyofuata mjukuu wake alimleta shuleni, akaketi mbele ya kipaza sauti cha kompyuta ile ile akayataja aliyoyakumbuka. Yalikuwa machache kuliko yale ya mumewe, na mara mbili alisimama, akatikisa kichwa, akaruka jina lililompotea.

Baadaye vijana walitaka kutia ngoma chini ya sauti ya babu kwa kutumia LMMS. Ayeyo aliruhusu, kwa sharti kuwa ngoma itiwe katika nakala na sauti ya asili isiguswe. Sharti hilo ni la hekima, na hata wataalamu wa hifadhi za muziki hulifuata.

Wanafunzi wapenzi, katika shule nyingi za nchi yetu imo kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na katika nyumba nyingi zimo kaseti zilizofungwa katika nguo. Kabla hamjasema kuwa chombo kimekwisha kazi, ulizeni kilizaliwa mwaka gani, pamoja na programu zipi, na kilifanya kazi gani ujanani mwake. Kisha fanyeni haraka. Kompyuta yaweza kungoja chini ya kitambaa chake miaka kumi mingine, lakini utepe wa kaseti hauwezi, na bibi aliyebaki na majina ya visima kichwani mwake hawezi.